Ukitaka CAM kubwa, jua kwanza wa kutowauliza

Kuna swali napenda kuwauliza vijana wanaokuja field kwenye mambo ya network. Nawaambia hivi, paketi imefika kwenye rauta inayobeba njia zote za intaneti, rauta inajuaje pa kuipeleka? Wanajibu fasta, "inaangalia jedwali la njia". Sawa, inaangaliaje? Hapo kimya. Maana jedwali lenyewe kwa IPv4 tu, zile anwani za kawaida za biti 32, lina mistari milioni moja hivi, alafu kwenye laini ya gigabiti 100 kwa sekunde paketi ndogondogo za baiti 64 zinaweza kuingia milioni 148 na ushee kila sekunde, yaani kila moja ina nanosekunde 6.7 hivi kuamuliwa pa kwenda, wakati DRAM ya kawaida, memori kuu ya kompyuta, ukiruka kwenda kusoma sehemu yoyote tu unakula nanosekunde 40 na kitu kwa msomo mmoja. Hata ukiwa mjanja wa kugawa jedwali nusu kwa nusu unahitaji misomo 20, umeshachelewa zamani.

Ndio hapo inapoingia CAM (content-addressable memory), memori ambayo watu wengi wanaitumia kila siku bila kuijua. Memori ya kawaida unaipa namba ya chumba inakuambia nani yumo. CAM ni kinyume chake, unaipa jina inakuambia yuko chumba gani, na jibu linatoka kwa mpigo mmoja wa saa ya chipu haijalishi vyumba viko kumi au laki mbili na nusu. Wazo sio la jana, Dudley Buck pale MIT alikuwa nalo tangu miaka ya 1950, na kifaa chake cha cryotron kilikuwa hakifanyi kazi mpaka kizamishwe kwenye heli ya kimiminika, jamaa akafariki 1959 akiwa na miaka 32 tu.

Kwenye rauta tunatumia ndugu yake, TCAM (T ni ternary, yaani hali tatu), ambayo kila biti inaweza kuwa 0, au 1, au "yoyote". Hiyo "yoyote" ndio inatulisha. Njia za intaneti zinatangazwa kwa mafungu, mfano 41.0.0.0/8 ni fungu lililo chini ya AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti kwa Afrika, biti 8 za mwanzo ndio zina maana na 24 zilizobaki ni yoyote. Ndani yake kuna mafungu madogo ya kampuni mbalimbali, kwa hiyo paketi moja inaweza kuangukia mafungu matatu manne kwa pamoja na anayeshinda ni mwenye fungu dogo kuliko wote. TCAM inalimaliza hilo kwa kupanga tu, madogo juu makubwa chini, alafu mwisho wa mistari kunakaa sakiti moja ya kuchagua wa juu kabisa kati ya walioitika. Ni kitu kitamu sana kukitazama, mara ya kwanza nilipokielewa nilitabasamu mwenyewe kwenye daladala.

Sasa bei yake. Seli, yaani nyumba ya biti moja, ya SRAM ya kawaida (memori ya haraka ya ndani ya chipu) ina transista 6. Seli ya TCAM ina 16, yaani SRAM mbili kamili maana hali tatu haziingii kwenye biti moja, na transista 4 za kulinganisha. Watu wengi wanaishia hapo, wanasema TCAM ni ghali kwa sababu ya eneo. Eneo ni tatizo kweli ila sio lile linalokunyima usingizi, linalokunyima usingizi ni umeme, na kuelewa umeme unaenda wapi inabidi turudi darasani.

Mwalimu anamtafuta Asha kwenye darasa la watoto 60. Anasema, "Wote simameni! Ambaye sio Asha akae." Amebaki Asha amesimama, kazi imeisha haraka sana, ila watoto 59 wamesimama na kukaa bure. Hivyo ndivyo TCAM ya kawaida, ile ya mtindo unaoitwa NOR, inavyofanya kazi. Kila mstari una waya wa jibu, kabla ya swali waya zote zinajazwa chaji, swali likipita kila biti isiyolingana inaimwaga ile chaji chini, na mstari ambao haujamwaga ndio umelingana. Mistari karibu yote huwa hailingani. Kwa hiyo karibu chaji yote uliyoijaza unaimwaga, kila swali, kila mpigo.

Chukua chipu ya megabiti 18, ukiigawa kwa maneno ya biti 72 unapata mistari 262,144 kamili. Sasa mwalimu ana watoto 262,144 na anaita majina milioni 250 kila sekunde. Chipu za daraja hilo zilikuwa zinakunywa wati 15 hivi, kwa kazi ya kumtafuta mtu mmoja tu, na rauta kubwa haiweki chipu moja. Na hapo sijazitaja waya za swali zenyewe, zile zinazoshuka wima kupita kwenye kila mstari zikibeba biti za jina linalotafutwa, nazo kila zikibadilika kutoka 0 kwenda 1 zinasukuma kapasita ya safu nzima.

Mtindo mwingine unaitwa NAND. Hapa wote wamekaa, na anayesimama ni Asha peke yake. Umeme unaokoka vizuri sana, tatizo ni kwamba jina linasomwa kwa kupokezana, biti ya kwanza ikikubali inampa ya pili, ya pili inampa ya tatu, transista zimepangana foleni, na foleni ya transista 72 ni taratibu mno kwa dunia ya nanosekunde 6.7. Wabunifu wengi wanachanganya, biti chache za mwanzo zinakuwa kama mlinzi wa getini, mstari ukipita kwa mlinzi ndio unajazwa chaji na kuulizwa vizuri. Kwa hesabu za darasani ukiweka mlinzi wa biti 3 mistari saba kati ya nane inaishia getini.

Hesabu za darasani zinasema hivyo lakini majedwali ya kweli hayaji kwa bahati nasibu. Mafungu ya intaneti yanajazana sehemu sehemu, kuna maeneo ya anwani yamebanana kama Kariakoo wiki ya mwisho wa mwaka na maeneo mengine kiwanja kitupu, na paketi nazo hivyo hivyo, mchana mtandao wetu mzima unaelekea kwenye anwani za kampuni chache za video na mitandao ya kijamii. Mlinzi wako anapitisha watu wengi kuliko ulivyompigia hesabu. Alafu kuna kitu makala nyingi za utafiti zinakipita juujuu, yaani hata kama wastani wa umeme umeshuka, njia za umeme ndani ya chipu lazima zijengwe kwa siku mbaya kuliko zote, ile siku ambayo mistari mingi inajazwa kwa wakati mmoja na voltiji inayumba kwenye kona ya mbali na ile sakiti inayosikiliza waya wa jibu inaanza kusikia vitu ambavyo havipo. Ukiniambia umepunguza wastani kwa asilimia 60 nitakuuliza kilele je.

Kuna na ujanja wa voltiji ndogo, maana nishati inaenda na voltiji ya mraba, ukiishusha nusu unabaki na robo. Ni kweli, ila waya wa jibu unatakiwa utofautishe kati ya mstari uliolingana wote na mstari uliokosea biti MOJA tu kati ya 72, na ule uliolingana nao unavuja kidogo kidogo kupitia transista zake zote. Ukishusha voltiji unakuwa unajaribu kusikia mnong'ono mmoja katikati ya minong'ono 72. Inawezekana, watu wameifanya, ila kila mara unalipia kwa muda au kwa sakiti ngumu zaidi pembeni.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua kuna wadau hawataupenda, ni kwamba miaka yote ile ya kusuguana na seli na waya wa jibu imetupa faida nzuri lakini yenye kikomo, na CAM kubwa haitoki kwenye kumuuliza kila mtu kwa bei nafuu zaidi. Inatoka kwenye kuacha kuwauliza wengi kabisa.

Kati ya walioonyesha hilo mapema kwenye mambo ya rauta ni waandishi wa makala ya utafiti ya CoolCAMs mwaka 2003. Gawa TCAM kwenye mabanda, angalia biti chache za anwani ujue banda gani linahusika, washa hilo banda tu, mengine yalale. Umeme unashuka karibu sawa na idadi ya mabanda. Ugumu uko kwenye kugawa sawasawa, maana kama nilivyosema kuna Kariakoo na kuna kiwanja, ukigawa kibubusa banda moja linajaa wakati jirani yake ana mistari kumi. Alafu leo umegawa vizuri, mwakani njia zimebadilika, unaanza kuhamisha wapangaji huku paketi zinapita.

Ukiisukuma hiyo fikra mpaka mwisho unajikuta umefika kwenye hashi, hesabu inayogeuza jina kuwa namba ya chumba, na hapa ndipo mimi nilipopiga kambi. Chukua jina, lipitishe kwenye hesabu mbili za hashi, kila moja inakupa chumba kimoja chenye vitanda vinne. Soma vyumba viwili, linganisha majina nane, basi. Nane, sio 262,144. Memori yenyewe ni SRAM ya kawaida ya transista 6. Mtu akija akakuta vyumba vyake vyote viwili vimejaa anamsukuma mmoja aende kwenye chumba chake cha pili, huyo naye anaweza kumsukuma mwingine, kama yule ndege kekeo anavyofanya kwenye viota vya wenzake, na kwa mpangilio wa vitanda vinne unajaza zaidi ya asilimia 90 ya nafasi kabla mambo hayajaanza kukwama. Wachache wanaokwama kabisa unawawekea TCAM kandogo pembeni kanakoulizwa kwa wakati mmoja na hashi.

Mtu atasema, hashi haijui "yoyote". Kweli haijui, inataka jina kamili. Ila tazama jedwali halisi la IPv4, zaidi ya nusu ya mafungu yote ni slashi 24, ongeza slashi 22 na 23 umebeba sehemu kubwa ya jedwali. Slashi 24 ukiijua urefu wake sio tena jina lenye "yoyote", ni jina kamili la biti 24. Kwa hiyo urefu uliojaa watu unaupa hashi yake, marefu na mafupi yaliyobaki ambayo ni machache unayatupia TCAM ndogo. TCAM imebaki kufanya kile inachokiweza peke yake, na kwa watu wachache. Swichi za Mellanox (sasa NVIDIA) kuanzia Spectrum-2 zinatumia ukoo wa wazo hili hili kwa sheria za fayawoli, na drava yake ya Linux iko wazi mtu yeyote akaisome, sheria zinaenda kwanza kwenye TCAM ya kialgoriti inayotumia hashi na vichujio vya Bloom (vinavyosema haraka kama jina hakika halimo), zile zinazokataa kukaa ndio zinamwagikia kwenye TCAM ya sakiti.

Kicheko kidogo hapa. Watu wa swichi mpaka leo tunasema "CAM table" tukimaanisha jedwali la anwani za MAC, zile za kila kifaa chenyewe, na kwenye mitihani inaulizwa hivyo, wakati kwenye swichi nyingi za sasa ndani hakuna CAM yoyote, ni hashi kwenye SRAM. Jina limebaki, mwenye jina alishahama.

Faida nyingine ya hashi ambayo naona haipewi uzito ni makosa ya biti. Chembe ya mionzi ikipita ikageuza biti kwenye SRAM, ukiisoma unaangalia ECC, biti za ziada za kukagua makosa, unagundua unasahihisha. Kwenye TCAM mistari yote inajibu kwa pamoja bila yeyote kusomwa, kwa hiyo hakuna pa kuangalia ECC wakati wa swali, mstari ulioharibika unakaa kimya tu hauitiki tena au mbaya zaidi unaitikia jina la mwenzake, na tiba yake ni kuwa na mfanyakazi wa nyuma anayezunguka akisoma mistari mmoja mmoja kuikagua. Jedwali likiwa kubwa mzunguko wake unakuwa mrefu. Yaani ukubwa wenyewe unazaa ugonjwa.

Sitaki ionekane naizika TCAM. Kwenye sheria za fayawoli zenye sehemu tano, anwani ya kutoka, ya kwenda, poti mbili na protokali, kila sheria na mchanganyiko wake wa "yoyote", sijaona kitu kinachoishinda kwa uhakika wa muda. Lakini hata huko inabeba mzigo wa kipuuzi, maana TCAM haijui "kuanzia hapa mpaka pale". Ukitaka poti 1024 mpaka 65535 lazima uivunje vipande 6. Ukitaka poti 1 mpaka 65534 ni vipande 30, na ukiweka hiyo pande zote mbili, ya kutoka na ya kwenda, sheria MOJA uliyoandika kwa mstari mmoja inakula mistari 900. Nimeona watu wanaomba bajeti ya kifaa kikubwa zaidi wakati dawa ilikuwa kukaa chini na kuandika upya sheria zao.

Na kuna suala la kuandika, ambalo kwenye majedwali ya kulinganisha chipu halina hata safu yake. TCAM inataka madogo juu makubwa chini, sasa kila njia mpya inayoingia lazima ipate nafasi yake sahihi, na ukifanya kijinga unasukuma laki za mistari chini ili umwingize mmoja. Ukipanga kwa makundi ya urefu, ndani ya kundi hamjali nani yuko juu, kwa hiyo unahamisha mmoja tu kwa kila kundi, haizidi 32 kwa IPv4. Imepungua sana lakini kila uhamisho unaiba mpigo ambao paketi ingeulizia.

Wanaotumia FPGA, chipu ambayo sakiti zake unazipanga mwenyewe, wao wana shida zao, kule ukitaka TCAM unaigiza kwa RAM, jina linakuwa ndio anwani na ndani unaweka ramani ya nani anaitikia. Bloku ya kilobiti 36 ukiitumia kama 512 kwa 72 inakupa biti 9 za jina kwa mistari 72, yaani biti 648 za TCAM kwa biti 36,864 za memori, umelipa 57 kupata moja, na ukitaka kubadilisha mstari mmoja unapitia vyumba 512. Kwa majaribio na jedwali dogo sawa.

Sasa wale wa vifaa vipya. Kila mwaka naona memrista, feri, phase change, yaani memori zinazokumbuka hata umeme ukizimwa, seli ya TCAM ya transista mbili badala ya 16, IBM walishatengeneza ya megabiti 1 yenye transista 2 na vipingamizi 2 miaka kumi na kitu iliyopita, na mwaka 2020 watu wa maabara za Hewlett Packard na wenzao wakatoa CAM ya analogi ambayo mstari unahifadhi "kati ya hapa na pale" moja kwa moja, ambayo kwa kweli ingeua ule upuuzi wa mistari 900. Naifurahia. Ila fanya hesabu ndogo. Kama kipingamizi kikiwa kimefunga kinavujisha moja ya kumi ya kinachopita kikiwa wazi, mstari wa biti 72 uliolingana vizuri kabisa unavujisha mara 7.2 ya biti moja iliyokosea. Humtofautishi Asha na asiye Asha. Uwiano ukiwa mia unapata 0.72 dhidi ya 1.71, unatofautisha kwa shida kwenye maabara, sio kwenye rauta inayochemka ndani ya chumba ambacho AC imekufa. Aina ya feri ina uwiano mzuri zaidi lakini kuandika kunataka voltiji kubwa, na nyingi ya hizi teknolojia zinachakaa kwa kuandikwa, wakati jedwali la BGP, lugha ambayo rauta zinatangaziana njia, halilali, linabadilika usiku kucha. Kwa kazi ya modeli ya akili mnemba iliyofundishwa mara moja ikaulizwa mara bilioni, hapo naziona zinafaa. Kwenye njia za intaneti bado.

Tarehe 12 Agosti 2014 ndio siku wengi walijifunza kwamba TCAM ina mwisho. Jedwali la dunia lilivuka 512K, likisukumwa siku ile na maelfu ya njia za ziada zilizotoka mtandao wa Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, na rauta nyingi za zamani za Cisco zilikuwa na TCAM ya nafasi milioni moja iliyogawanywa kiwandani, 512K za IPv4 na zilizobaki kwa IPv6 ambayo kila mstari wake unakula nafasi mbili. Nusu ya IPv6 ilikuwa karibu tupu na nusu ya IPv4 inafurika. Dawa ilikuwa amri moja ya kugawa upya na kuizima na kuiwasha rauta. Nafasi ilikuwepo siku zote, iko upande usiofaa wa ukuta.

Sisi yetu ilitukuta baadaye, kwenye mtandao mdogo nilipokuwa nafanya kazi Dar, rauta tuliinunua ikiwa imeshatumika huko ilikotoka na hakuna aliyesoma TCAM yake ina nafasi ngapi, mimi nikiwemo. Njia zilizokosa nafasi zikaanza kupelekwa na CPU, CPU ikagonga 99, simu za wateja zikaanza saa mbili asubuhi. Bosi akauliza mpya ni shilingi ngapi, tukamwambia, akanyamaza. Tukakaa usiku tukaandika vichujio, tukazipokea njia za wenzetu wa hapa nchini kupitia exchange, pale mitandao inapobadilishana trafiki, tukapokea mafungu ya AFRINIC, na dunia nzima iliyobaki tukaifunga kwenye mstari mmoja wa "kwingine kote pita huku". Kutoka laki tano na kitu tukabaki na njia elfu chache. Rauta ile ile ikaendelea miaka miwili mbele na CPU yake ikawa inasinzia.